Barua ya wazi kwa wakuu wa misitu na wa usafiri wa umma: njia ya msituni ianzie kituo cha basi

KWA: Wakuu wa mamlaka za misitu, wapangaji wa ratiba za mabasi, na wasimamizi wa barabara zinazopita kandokando ya hifadhi

YAH: MATEMBEZI MEPESI YA MSITUNI KWA WATU WANAOKUJA KWA BASI

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa heshima na bila kuzunguka. Misitu ipo, mabasi yapo, na watu wanaotaka kutembea saa mbili tatu chini ya miti wapo wengi, wakiwemo wazee, wazazi wenye watoto na vijana wasio na gari. Kinachokosekana ni kipande kidogo kati ya mlango wa basi na alama ya kwanza ya njia. Kipande hicho hakina mwenyewe. Mtu wa misitu anasema kazi yake inaanzia langoni. Mtu wa mabasi anasema yake inaishia kituoni. Mwenye barabara anahesabu magari tu. Abiria anashushwa katikati ya hao watatu, kwenye nyasi, bila kibao kinachomwambia ashike upande gani.

Tunaomba jambo moja: kituo cha basi kitambuliwe rasmi kuwa ndio mwanzo na mwisho wa njia ya msituni, kisha njia, ratiba na barabara zipangwe pamoja kutokea hapo. Si jambo geni. Uswisi ina sheria ya shirikisho ya njia za miguu na za matembezi, ya mwaka 1985, na ndani yake vituo vya usafiri wa umma vimetajwa miongoni mwa mahali ambapo mtandao wa njia za matembezi unapaswa kufika. Ndiyo maana vibao vyao vya manjano, kwenye mtandao wa takriban kilomita 65,000, huandika hata jina la kituo kilicho mbele na muda wa kukifikia kwa miguu.

Tuanze na umbo la njia yenyewe, maana hapa ndipo fursa kubwa inapopotea. Njia nyingi za misituni zimechorwa kwa ajili ya mwenye gari: anaegesha, anazunguka, anarudi palepale. Abiria wa basi halazimiki kurudi alikoanzia. Anaweza kushuka kituo cha juu, akakatiza msitu, akapandia basi kituo cha chini kwenye barabara ileile, au hata kwenye barabara nyingine inayorudi mjini. Kwa mwenye gari njia ya namna hiyo ni usumbufu. Kwa abiria ni faida tupu: hapiti mahali pamoja mara mbili, na anateremka zaidi ya anavyopanda.

Chukueni ramani ya laini ya basi inayopita kando ya msitu, tieni alama kila kituo, halafu tafuteni jozi za vituo vilivyoachana kilomita 3 hadi 6. Mara nyingi katikati yake tayari kuna njia ya zamani ya magogo, mkuza wa kuzuia moto au kijia cha wanakijiji. Kazi inayobaki ni kuunganisha vipande na kuweka alama. Kufyeka njia mpya huwa si lazima. Tahadhari ni moja: msimalizie njia kwenye kituo ambacho basi la jioni hukifikia likiwa limeshajaa, kwa sababu basi lililojaa halisimami. Ikibidi kuchagua, ni afadhali njia ipande kidogo lakini iishie karibu na pale basi la kurudi linapoanzia safari, ambako viti bado vipo.

Kuhusu wepesi. Njia ipimwe kwa mahali pake pabaya kuliko pote, isipimwe kwa wastani. Kilomita 7 tambarare zenye mita 40 za mwamba unaoteleza si njia nyepesi, na aliyekuja kwa basi na mtoto wa miaka sita atagundua hivyo akiwa kilomita 5 ndani, mahali ambapo kurudi ni kurefu kuliko kuendelea. Tunapendekeza vipimo hivi: urefu usiozidi kilomita 8, jumla ya kupanda isiyozidi mita 250, mwinuko wa njia usiozidi asilimia 10 isipokuwa kwenye vipande vifupi vinavyotajwa waziwazi, na kusiwe na kijito cha kuvuka kwa kuvua viatu. Kijito ambacho kiangazi hurukwa kwa hatua moja, mvua ikinyesha huko juu kinaweza kufunga njia kwa saa kadhaa. Huyo mtu ana basi la kuwahi.

Na muda ndio uhai wa matembezi ya aina hii. Mwenye gari akichelewa nusu saa, gari linamsubiri. Abiria akichelewa dakika tano amelala porini. Kwa hiyo muda unaoandikwa kwenye kibao uhesabiwe kwa kanuni, usikadiriwe na kijana mwenye miguu myepesi aliyeipita njia mara mia. Kanuni ya DIN 33466, kiwango rasmi cha Ujerumani cha njia za matembezi, inafaa: kilomita 4 kwa saa kwenye tambarare, mita 300 za kupanda kwa saa, mita 500 za kuteremka kwa saa. Mnahesabu muda wa umbali peke yake na muda wa kupanda na kushuka peke yake, mnachukua ule mkubwa, mnaongeza nusu ya ule mdogo.

Tuseme njia ina kilomita 8, inapanda mita 240 na kushuka mita 240. Umbali ni saa 2. Kupanda ni dakika 48 na kushuka dakika 29, jumla saa 1 na dakika 17. Saa 2 mkiongeza nusu ya hiyo mnapata kama saa 2 na dakika 38. Kanuni maarufu ya Naismith ya mwaka 1892, ambayo wengi bado wanaitumia, kwa njia hiyohiyo ingetoa takriban saa 2, kwa sababu inamchukulia mtembeaji kuwa mtu mkakamavu asiyesimama. Tofauti ya dakika 38 inatosha kabisa kumkosesha mtu basi. Tena hata kanuni ya Ujerumani haihesabu mapumziko. Ongezeni dakika 10 kwa kila saa. Njia yetu ya mfano inakuwa ya saa 3 na dakika 10 kwa kuzidisha kidogo.

Sasa hesabuni kurudi nyuma kutoka basi la mwisho. Likipita saa 11:30 jioni, toeni saa 3 na dakika 10, toeni na dakika 45 za dharura, mnabaki na saa 7:35 mchana. Saa hiyo iandikwe kwenye kibao cha kuanzia kwa herufi kubwa kuliko zote: atakayeanza baada ya hapo asitegemee basi. Hatujui kibao chenye faida zaidi ya hicho, na gharama yake ni rangi tu. Ratiba ikibadilika, kibao kibadilishwe wiki hiyohiyo. Kwa hiyo sehemu ya saa iwe kibati kinachofunguliwa kwa skrubu mbili, isichongwe kwenye mbao pamoja na maandishi mengine. Mzingatie pia kwamba chini ya miti giza huwahi. Nusu saa kabla ya jua kuzama, barabarani bado kweupe, lakini ndani ya msitu mnene mtu haoni tena mzizi uliokatiza njia.

Kwa upande wa ratiba, tatizo ni kwamba laini nyingi zinazopita misituni zimepangwa kwa ajili ya wafanyakazi na wanafunzi. Siku za mapumziko, ambazo ndizo siku za watembeaji, mabasi yanapunguzwa. Hatuombi mabasi mapya kila siku. Tunaomba Jumamosi, Jumapili na sikukuu basi la kwanza lifike kabla ya saa 3 asubuhi, na jioni yapite angalau mawili yaliyoachana kwa saa moja, ili la mwisho lisiwe ndilo pekee. Hata wakazi wa pembezoni mwa msitu watanufaika, kwani nao Jumapili wamekwama vivyo hivyo.

Hong Kong inaonyesha jinsi inavyowezekana. Sheria yake ya hifadhi za asili za matembezi ni ya 1976, na basi namba 96R huenda hadi gati la Wong Shek kupitia hifadhi za Sai Kung siku za Jumapili na sikukuu. Magari binafsi yasiyo na kibali huishia kwenye kizuizi cha Pak Tam Chung, basi linapita. Kaunti ya King kule Seattle nayo ilianza mwaka 2017 kupeleka mabasi hadi mianzo ya njia za milimani, kwa sababu maegesho yalikuwa yamezidiwa na magari yakajipanga kando ya barabara kuu. Kote huko idara ya hifadhi na wenye mabasi walilazimika kukaa meza moja.

Tuje kituoni. Upande wa kwenda mara nyingi kuna nguzo, kibao, pengine na paa. Upande wa kurudi kuna nyasi za magotini, mtaro, na ukingo wa lami uliomeguka. Dereva hana anachokiona, na msafiri aliyechoka anasogea barabarani ili aonekane. Huo upande wa kurudi ndio unaosubiriwa kwa muda mrefu, ndio unaohitaji benchi na paa. Wekeni jukwaa tambarare la changarawe iliyoshindiliwa, mita 10 kwa 2, nguzo yenye rangi inayong'aa taa zikiimulika, na jina lilelile la kituo lililoko kwenye ratiba. Kituo kimoja kikiitwa majina matatu, moja kwenye tiketi, jingine kwenye ramani ya hifadhi na la tatu kinywani mwa kondakta, wageni watashushwa pasipo.

Pa kuvukia barabara pawe mahali ambapo pande zote zinaonekana mbali. Kwa magari yanayokwenda kilomita 80 kwa saa, wahandisi wa barabara huhesabu takriban mita 130 za kuona mbele ili dereva ashtuke na kusimama. Kituo kilichowekwa baada tu ya kona hakina mita hizo, na hakuna kibao kitakachozirudisha. Kihamisheni. Kutoka kituoni hadi mwanzo wa njia kusizidi kilomita 1, na kipande hicho kiwe na kijia chake ng'ambo ya mtaro, upana wa mita 1.5, ili watu wasitembee juu ya mstari mweupe wa lami.

Kama mnataka basi liingie hadi langoni, pimeni kwanza pa kugeuzia. Basi la mita 12 linahitaji duara lenye nusu kipenyo cha mita 12.5 kwa ukingo wa nje, maana yake uwanja wa mita 25 bila chochote katikati ya mzunguko wake, na kwa usalama ni vyema ufike 28 au 30. Matawi yapogolewe hadi mita 4.5 juu ya njia ya basi. Dereva akilazimika kurudi nyuma mara tatu kati ya watu, wiki ya pili hataingia tena, naye ana haki.

Alama za njia. Mtu wa basi mara nyingi hana mwenyeji, na simu yake mabondeni haina mtandao. Alama ndizo zinazomwongoza. Mnaweza kuiga Wacheki, ambao chama chao cha watembeaji kilianza kuweka alama mwaka 1889: mraba wa sentimita 10, mistari mitatu ya sentimita 3, wa katikati wa rangi na miwili ya pembeni myeupe ili rangi ionekane hata kwenye gome jeusi. Au mstari mmoja mweupe wa sentimita 5 kwa 15, kama wa njia ya Appalachian ya Marekani. Muundo wowote unafaa ukishikwa uleule njia nzima. Pakeni kwenye kimo cha macho. Kwangueni gome lililokauka tu, kwa brashi ya waya, bila kufika kwenye sehemu iliyo hai, la sivyo mti unatoa utomvu na rangi inabanduka. Misumari na vibati kwenye mti hai hatuvipendekezi: mti unanenepa na kukimeza kibati, na siku ukikatwa msumari wa chuma unaharibu msumeno.

Kosa tunalolikuta karibu kila njia mpya ni kuweka alama kwa mwelekeo mmoja. Mpakaji anatembea mbele, anapaka anachokiona mbele. Anayetokea kituo cha pili haoni kitu. Kila njia ipakwe mara mbili, kwenda na kurudi, na wapakaji wawe watu tofauti ikiwezekana. Kwenye kila njia panda iwepo alama kabla, na nyingine ya kuthibitisha mita 10 hadi 20 baada ya kukata kona. Na kila mita 500 isimikwe nguzo yenye namba, kama zile za njia ya MacLehose huko Hong Kong, kilomita 100 zilizofunguliwa 1979. Aliyeteguka mguu hawezi kueleza alipo akiwa amezungukwa na miti inayofanana. Namba ya nguzo anaweza kuitaja. Orodha ya nguzo hizo na mahali zilipo iwe mikononi mwa waokoaji na pia ofisini kwa wenye mabasi, kwa kuwa aliyekwama mara nyingi humpigia simu yeyote ambaye namba yake iko kwenye tiketi.

Maji ndiyo adui wa njia kuliko miguu. Uso wa njia uinamie upande wa bondeni kwa asilimia 3 hadi 5 ili maji yavuke badala ya kutiririka juu yake kama mfereji. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima kinachokatizwa. Ukizidi, maji yataifuata njia hata mkichimba mitaro kumi. Kila baada ya mita 20 hadi 40 kwenye mteremko wekeni tuta la chini au kibonde kidogo cha kuyatoa maji. Panapotuama tope watu hupita pembeni, pembeni napo panakuwa tope, na baada ya misimu miwili njia ya mita moja imekuwa ya mita tano. Kwa hiyo jazeni mawe katikati mapema. Madaraja ya mbao kwenye kivuli huota ukungu na kuteleza vibaya. Pigilieni wavu wa waya juu ya mbao, mwaka wa kwanza, kabla ya mtu wa kwanza kuanguka.

Tope hilohilo ndilo linalowagombanisha watembeaji na makondakta. Suluhisho letu ni kituo cha kusafishia viatu mita 30 hivi kabla ya kufika kwa basi: brashi ngumu mbili zilizofungwa kwenye fremu ya chuma, wavu wa kusimamia, na pipa la maji inapowezekana. Hapo msitu nao unalindwa, kwa maana udongo wa kwenye soli hubeba mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa ya miti. Nchini New Zealand ugonjwa unaoua miti mikubwa ya asili iitwayo kauri, unaoenea kwa udongo, ulisababisha njia nyingi za milima ya Waitākere kufungwa mwaka 2018. Wekeni brashi pande zote mbili, anayeingia na anayetoka. Udongo unaokwanguliwa ukae shimoni chini ya wavu, usiachwe utiririke msituni.

Basi lina tabia nyingine ambayo wenye malango hawaizoei: watu hawaji mmoja mmoja, wanashuka 40 kwa pamoja. Dirisha moja la kulipia kiingilio linawala dakika 40 za siku yao, na zile hesabu za saa 7:35 zinavurugika. Kiingilio kiunganishwe na tiketi ya basi, au kilipwe kabla ya safari. Vyoo navyo vifikiriwe hivyohivyo, kwa foleni ya ghafla, na viwe karibu na kituo cha kurudi, siyo langoni peke yake.

Kuna jambo la hesabu ambalo limeua laini nzuri, nasi tunalisisitiza. Watu waliopanda stendi kuu huhesabiwa stendi kuu. Wakikata tiketi ya kwenda na kurudi, kurudi kwao hakuandikwi kabisa kwenye kituo cha msituni. Mwisho wa mwaka kitabu kinaonyesha kituo hicho kina abiria wawili kwa siku, na mpangaji, kwa nia njema, anakifuta. Hesabuni wanaoshuka pamoja na wanaopanda, siku za mapumziko zikiwa peke yake, miezi ya ukame na ya mvua zikitenganishwa. Kondakta mwenye daftari anaweza kuifanya kazi hiyo.

Na vituo viwekwe kwenye data huria ya ratiba. Muundo wa GTFS, unaowezesha programu za simu kusoma ratiba na vituo, uliozaliwa Portland, Marekani, katikati ya miaka ya 2000, ni mafaili ya maandishi tu, hauhitaji mitambo. Hata pasipo na ratiba kali inawezekana: mradi wa Digital Matatus ulichora zaidi ya njia 130 za matatu za Nairobi kwa kutumia simu za mkononi na kutoa ramani yake mwaka 2014. Ramani ya hifadhi isiyoonyesha vituo vya basi, na ramani ya basi isiyoonyesha njia za msituni, zote mbili zinamwacha mtu nyumbani.

Mwisho ni kufungwa kwa msitu. Mnakata miti, mti mkubwa umeanguka, moto umezuka, mvua imebomoa daraja: mna haki na wajibu wa kufunga. Lakini basi halijui, linaendelea kushusha familia mbele ya mnyororo, na linalofuata linapita baada ya saa tatu. Simu moja kutoka ofisi ya msitu kwenda kwa mkuu wa stendi, kabla ya saa 12 jioni ya siku iliyotangulia, na ubao mmoja pale wanapopandia, vinatosha. Atajwe kwa cheo anayepiga na anayepokea, na wa akiba kwa kila upande, kwa sababu siku ya dhoruba ndiyo siku ambayo mhusika yuko njiani.

Tunapendekeza muanze na laini moja na jozi moja ya vituo, kwa mwaka mzima, ili mpitie kiangazi na masika. Sisi tuko tayari kutembea na wahandisi wenu njia nzima kwa pande zote mbili, kupaka alama na kuwafundisha vijana wa kuzitunza. Tunachohitaji kwanza kutoka kwenu ni karatasi moja yenye sahihi tatu, ya misitu, ya mabasi na ya barabara, inayosema nani anawajibika kwa zile mita kati ya kituo na lango, na nani atabadilisha kile kibati cha saa ratiba itakapobadilika.

Wenu,

Watengenezaji wa njia, wapaka alama na waongozaji wa matembezi ya msituni